Jeshi Jipya Mtaani: Karne Moja na Nusu ya Vita vya Mchezo Pwani

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu, kikalaza minazi na kuzivunja meli za Sultani zilizokuwa bandarini. Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Mwaka uliofuata Waingereza wakaja kumshurutisha afunge biashara ya watumwa, na miongoni mwa manowari zao ilikuwamo HMS Glasgow. Mkataba akautia saini, soko la Mkunazini likafungwa, lakini ile meli ilimkaa rohoni. Mwaka 1875 akafunga safari ya Uingereza, na baadaye akaagiza yake. Mafundi wa William Denny, huko Dumbarton katika Uskoti, wakamjengea meli ya kufanana na ile, ndogo kuliko mwenziwe na yenye jina lilelile. Ilishushwa majini mwaka 1878, ikiwa na mizinga saba ya ratili tisa na bunduki moja ya Gatling, zawadi ya Malkia Victoria.

Muda mwingi Glasgow hiyo ilikaa imetia nanga mbele ya majumba ya kifalme, ikipakwa rangi na kutazamwa. Vita vyake vilikuja siku moja tu. Asubuhi ya Agosti 27, 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kuteremka kwenye kiti alichojitwalia, manowari za Kiingereza zilianza kupiga muda mfupi baada ya saa tatu, na kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Meli ya Sultani iliwarushia risasi Waingereza, ikarudishiwa, ikazama palepale ilipotia nanga. Milingoti yake ikabaki imechomoza majini hadi mwaka 1912, kila anayeingia Unguja kwa jahazi au meli akiiona.

Nimeanza na meli hii kwa sababu katika historia ya michezo ya vita ya pwani yetu haitajwi, na naona ilistahili kuwa ya kwanza. Hapa palikuwa na mtawala aliyelitazama jeshi la mgeni, akalipenda umbo lake, akalinakili, akaliweka mbele ya mji wake litazamwe. Miaka michache baadaye watu wa kawaida, wasio na hazina wala mafundi wa Dumbarton, walifanya jambo hilohilo kwa vitambaa, mbao, ngoma na tarumbeta. Walianzisha majeshi yasiyoua mtu, wakayapa sare, vyeo na maadui. Kila meli mpya ilipoingia bandarini na kila kikosi kipya kilipopita barabarani, palikuwa na mtaa unaojiuliza kama hao nao hawafai kuingizwa mchezoni.

Nchi nyingine zilipata vita vya mchezo kwa njia ya mezani. Prussia ilianza mapema: Reisswitz baba alimtengenezea mfalme wake meza ya vita mwaka 1812, na mwanawe akaikamilisha mwaka 1824 ikawa chombo cha kufundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu, Little Wars, cha kanuni za kupiganisha askari wa risasi sakafuni kwa mizinga midogo ya springi. Kutoka hapo ukaota ukoo mzima wa michezo ya sanamu ndogo, na tangu mwaka 1983, Warhammer ya Games Workshop ilipotoka, majeshi ya njozi yakawa biashara kubwa: wafu waliofufuka, mijusi wenye mikuki, mbilikimo wenye bunduki. Wachezaji wa michezo hiyo wana swali lisilokwisha. Upande mpya unapoletwa, je, utadumu? Nini kinachofanya jeshi fulani la ajabu likubalike, na jingine lisahaulike kabla rangi haijakauka?

Mwaka huohuo wa 1913, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake, na lilikuwa likitembea barabarani kwa miguu.

Unguja ndiyo iliyokuwa dirisha la mitindo ya kijeshi. Kabla ya Barghash, nguvu ya Sultani ilikuwa Mabuluchi na Washihiri, watu wa jambia na bunduki ndefu, kila kundi na mavazi yake na mkuu wake. Mwaka 1874 Waingereza wakaleta HMS London, meli kuukuu waliyoiweka bandarini kama kituo cha kuwasaka wasafirishaji wa watumwa. Mwaka 1877 luteni mmoja wa meli hiyo, Lloyd Mathews, akaazimwa kwa Sultani amtengenezee jeshi la mtindo wa Kizungu: safu zilizonyooka, amri za kupigiwa kelele, kofia za aina moja. Jioni bendi ya Sultani, yenye wapigaji wa Kigoa, ilipiga muziki wa Ulaya mbele ya kasri, na Forodhani haikuwa na kiingilio. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe katika miaka ya 1880 aliona katika wiki moja namna nyingi za kuwa askari kuliko mtoto wa London aliyefungua boksi la sanamu.

Walioligeuza tamasha hilo kuwa mchezo wenye pande walikuwa zaidi watu wa kaskazini, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Ngoma waliyoianzisha ikaitwa beni. Ukiitazama juu juu ni gwaride: ngoma kubwa, tarumbeta, safu za wanaume waliovaa sare, mbele yao mkubwa wao na fimbo yake. Ukiitazama vizuri utaona daima zipo beni mbili, na kila moja haina kazi bila ya mwenziwe. Zinashindana kwa unadhifu wa mwendo, kwa karamu, kwa idadi ya ng'ombe waliochinjwa, kwa nyimbo za mafumbo zinazomgusa mtu fulani bila kumtaja. Mashindano ya Lamu yalikwenda kwa mitaa, Mkomani upande mmoja na Langoni upande wa pili, na kutoana jasho huko kulikula mali za watu kwelikweli. Nyumba ya heshima haikuweza kukubali wenzao wachinje wao wasichinje.

Mombasa ndiko yaliko majeshi ninayoyapenda. Beni ya Kingi ilijivika utukufu wa mfalme wa Uingereza, na hilo si ajabu; kila mchezo wa vita huwa na upande wa wafalme. Lakini mahasimu wao walikwenda kuwachukua Waskoti. Beni ya Scotchi ilitembea mitaa ya Mombasa ikiwa imevaa sketi za mistari za vikosi vya milimani Uskoti, katika joto letu na unyevu wetu, na hakuna aliyecheka kwa namna ya kudharau. Ilikuwapo pia beni iliyojiita Settla, kwa sura ya walowezi wa bara waliokuwa wakichukua mashamba. Hebu tulia hapo kidogo. Mtu ananyang'anywa ardhi na kundi la wageni, naye jioni anavaa kofia ya kundi hilo na kulifanya jeshi lake la ngoma.

Wapo wataalamu walioliona hili kuwa ni kuiga tu, utumwa wa akili. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, alikataa maelezo mepesi ya namna hiyo, nami nakubaliana naye. Scotchi hawakuwa wakisema kwamba wanatamani kuwa Waskoti. Walihitaji sura itakayosimama mbele ya Kingi isimezwe. Ukimwekea mfalme wa Kiingereza askari mwingine wa Kiingereza, umejiweka chini yake tangu mwanzo. Mskoti anatembea chini ya bendera ileile huku nguo, muziki na kiburi vyake ni vyake mwenyewe. Katika mji ambamo nasaba, mtaa, uungwana na utumwa wa mababu vilikuwa bado vikihesabiwa, sura ya namna hiyo ilikuwa na maana ambayo kila mtu aliielewa bila kuelezwa. Ugomvi ulikuwepo kabla ya sketi.

Na hapo ndipo naona jibu la lile swali la wachezaji wa mezani. Upande mpya huko ulikubalika pale ulipokuta watu wanaotafuta pa kusimama. Ajabu ya mavazi ilisaidia kuvuta macho. Iliyoufanya udumu ni chuki iliyokwisha kupikwa.

Kisha vita vya kweli vikaja kuusambaza mchezo. Kwa Unguja vilifika Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoikuta HMS Pegasus ya Kiingereza ikitengenezwa bandarini na kuiharibu. Makaburi ya mabaharia wake yako kisiwani Chapwani hadi leo. Bara, vita hivyo vilikokota askari na wapagazi kwa mamia ya maelfu. Wapagazi wa upande wa Kiingereza waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, walikuwa zaidi ya 95,000. Katika makambi yale watu wa Tanga, Bagamoyo na Mombasa walikutana na watu wa Nyasa, wa Tabora, wa maziwa makuu, na usiku uliporuhusu, beni ikapigwa. Tanganyika ikatoka vitani na vyama viwili vilivyoenea mji kwa mji kama matawi ya chama cha siasa: Marini, chama cha watanashati wa pwani na waliosoma, na Arinoti, kilichochukua wengi waliokuja mjini kutoka bara kutafuta kazi. Mtu akihamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora alikuta wenziwe wanamngoja. Vyama hivyo vilizika wafu, viliuguza wagonjwa, vilimpokea mgeni. Vilikuwa na Mfalme, Gavana, Majenerali na Makanali, na upande wa wanawake ulikuwa na vyeo vyake.

Serikali ya Kiingereza ilishtuka. Ilikuta barua zinazotoka kwa Jenerali fulani wa mji mmoja kwenda kwa Mfalme fulani wa mji mwingine, zote zimeandikwa na makarani na wapishi, na ikaanza kunusa njama. Nadhani ni moja ya vichekesho bora vya ukoloni: dola yenye majeshi halisi inaogopa majeshi ya ngoma. Ila hofu yao haikuwa ya kijinga kabisa. Chama kinachoweza kupeleka habari kutoka pwani mpaka Ziwa Nyasa bila posta ya serikali kina nguvu, hata kama kazi yake ni kucheza.

Kadiri mchezo ulivyokwenda mbali na bahari, ndivyo majeshi yake yalivyozidi kuwa ya ajabu. Pande za Ziwa Nyasa ulizaa malipenga na mganda. Huko tarumbeta za shaba hazikupatikana, basi watu wakachukua vibuyu, wakavitoboa na kuziba tundu kwa utando wa buibui. Mtu anaimba ndani ya kibuyu, utando unatetemeka, sauti inatoka na mkwaruzo wa bendi ya jeshi. Kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ulipokewa na ngoma ya kalela. Mtaalamu Clyde Mitchell aliitazama Luanshya na kuandika habari zake mwaka 1956. Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi, fulana safi, viatu vya kung'aa. Miongoni mwao alikuwamo "daktari" aliyevaa koti jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani, na "nesi", mwanamke pekee katika kundi, aliyepita kwenye safu na kioo na kitambaa ili wachezaji wajitazame na kujifuta. Jeshi likageuka hospitali! Vita vilivyobaki vilikuwa katika nyimbo, ambamo makabila yaliyokutana mgodini yalitaniana, kila moja likijisifu na kumchokoza jirani. Sare za kijeshi zilikwisha kazi yake. Ugomvi wa mgeni na mgeni mwenziwe ndio uliokuwa mpya, nao ukavaa koti la daktari.

Narudi Unguja, maana huku mchezo ulishikwa na wanawake. Mombasa nako walikuwapo. Vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana hadi mume wa mtu anajua mkewe ni wa upande gani kabla hajajua kilichopikwa. Katika mji wa Zanzibar, hasa katikati ya karne ya 20, vikundi vya taarab vya wanawake vilikuwa ndizo kambi zenyewe. Vilikuwapo Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, majina ya Kiarabu yenye manukato ya taarab ya zamani. Pamoja navyo vikawapo Royal Navy na Royal Air Force.

Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo wanawake wa mjini, wengi wao wakitoka nyumbani kwa buibui, walijiita jeshi la anga la mfalme wa Uingereza na wakamaanisha. Silaha zao zilikuwa sare na shairi. Sare ni khanga za aina moja kwa kundi zima, zilizonunuliwa kwa pamoja na kuvaliwa siku moja ili adui aone. Shairi ni fumbo. Mwimbaji anaimba habari ya ua, au ya jongoo, au ya chombo kilichokosa pepo. Ukumbini kuna mtu mmoja anayejua ni yeye, na kuna hamsini wanaomtazama aone aibu. Mwenye kujibu anangoja harusi nyingine, kwa wimbo wake. Kwa vita vya aina hiyo jina la ndege za kivita linafaa kabisa, kwani kombora linatoka juu na mpigaji haonekani.

Tena Unguja ina orodha ya pili ya majeshi ya njozi, isiyohusiana na bendi wala gwaride, ambayo mtengenezaji wa michezo angeilipia pesa nyingi. Namaanisha masheitani. Sitaki kuingia kwenye mjadala wa dini; wapo majirani zangu wanaoamini, wapo wanaoona ni shirki, na wote huwa wanajua orodha yenyewe. Masheitani wa mjini wana makabila. Ruhani ni Waarabu na Waislamu, wapenda usafi, marashi na udi. Rubamba ni wa Pemba. Habeshia ni wa Uhabeshi, wenye fahari ya kifalme. Kibuki ni wa Bukini, yaani Madagascar, nao ni Wakristo. Wakishampanda kiti, yaani mtu wanayemwingia, wao hutaka brandi na asali, na ngoma yao haifanani na ya wengine. Kila kabila lina chakula chake, harufu yake, rangi yake na namna yake ya kusema.

Ukitazama kwa jicho la historia, orodha hiyo ni daftari la bandari. Kila taifa lililoingia na majahazi likaacha sheitani wake. Na kanuni ya kumpokea mgeni ni kali kuliko ya mchezo wowote. Sheitani mpya hapokewi kwa sababu anatisha. Lazima ajieleze: jina lake nani, ametoka wapi, anataka nini, na je, hicho anachokitaka hakitaki mwingine? Asiyekuwa na matakwa yake mwenyewe huhesabiwa kuwa wa kabila lililokwisha kujulikana.

Swali la upande wa tatu ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa kuwa mchezo wa pwani unaupenda uwili kupita kiasi. Jeshi la tatu likija, ama linachukua nafasi ya mmojawapo, ama linalazimishwa kuchagua wa kukaa naye. Mfano mbaya kuliko yote haukuwa mchezo. Katika zama za siasa, Unguja na Pemba ziligawika kati ya Hizbu, chama cha ZNP kilichoundwa mwaka 1955, na ASP ya mwaka 1957. Mwaka 1959 kikazaliwa chama cha tatu, ZPPP. Uchaguzi wa Januari 1961 uliipa ASP viti 10, ZNP viti 9 na ZPPP viti 3, na papo hapo wa tatu akapasuka: wabunge wake wawili wakaenda ZNP, mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11 na hakuna serikali. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na ghasia zake zikaua watu 68. Safari hii ZPPP ilikwenda nzima upande mmoja. Miaka hiyo watu walisusiana maduka, mabasi, harusi na mazishi. Vikundi vya burudani havikubaki salama. Mwenye kuimba aliulizwa anaimba kwa nani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 haikuwezekana tena kucheza kwa majina kama Royal Navy. Waliokuwa wakiigizwa walikuwa wameondoka, na uhasama wa mitaa ulikuwa umemwaga damu.

Kama mfano huo ni mzito, chukua wa kabumbu. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, na tangu hapo nchi imegawika. Azam walikuja na uwanja wao Chamazi, mishahara inayolipwa kwa wakati, na ubingwa wa msimu wa 2013/14. Kila kitu wanacho. Wamekosa mtu wa kuwachukia, na shabiki wa Kariakoo anawaheshimu kama anavyomheshimu daktari wa meno.

Wanaotengeneza sanamu ndogo huko Uingereza nao walitufikia zamani, kwa njia yao. Kampuni ya Wargames Foundry ina mkusanyo uitwao Darkest Africa, unaohusu safari za karne ya 19 katika bara letu. Humo utawapata ruga-ruga, wale wapiganaji wa bara, na wafanyabiashara wa watumwa wa Kiarabu, urefu wa kidole, tayari kupakwa rangi. Kazi ya uchongaji ni nzuri, sina ubishi. Ruga-ruga wamevaa mchanganyiko wa nguo na silaha, kama wanavyosimuliwa katika habari za zama za Mirambo, mtawala wa Unyamwezi. Jina la mkusanyo ndilo linalonichosha. Katika meza hiyo Unguja ni mahali adui anapotoka, na mgeni Mzungu ndiye anayeingia na ramani. Sijaona aliyewahi kumchonga Mskoti wa Mombasa, ambaye angeivuruga meza nzima kwa kuingia akiwa amevaa nguo za mwenye ramani.

Games Workshop wenyewe wamewahi kujifunza kwa gharama. Mbilikimo wao wa angani, Squats, walipotea katika miaka ya 1990 kwa kuonekana hawana la kusema, wakarudi mwaka 2022 kwa jina jipya, Leagues of Votann, na historia iliyoandikwa upya ambamo wana madeni, viapo na kinyongo.

Huku kwetu, vita vya mchezo vya zamani kuliko beni vinaendelea kila Julai huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Kishirazi. Wanaume wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa mabua ya migomba, wanawake waliovaa nguo mpya wanapita wakiimba na kutupiana maneno, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na mtu anatoka ndani yake mbio. Anayepigwa bua hapaswi kubaki na kinyongo. Ya mwaka uliokwisha yameisha. Watalii sasa wanajaa, na mwenyeji asiyekuwa na mgeni siku hiyo huonekana amepungukiwa. Hao wangeweza kuwa upande wa tatu, wana idadi ya kutosha na kamera. Hawajawa. Anayetaka kushika bua anaingia na wenyeji wake, anapigana kusini au kaskazini, anarudi hotelini na madoa ya utomvu yasiyotoka kwenye shati.

Beni nayo imerudi harusini. Mbwa Kachoka, beni maarufu ya mjini, hupita vichochoroni na ngoma kubwa na tarumbeta, wanawake nyuma yao wakicheza kwa safu, na tamasha la Sauti za Busara limeipandisha beni mbele ya wageni wa Ngome Kongwe. Muziki ni uleule wa kijeshi uliolegezwa kiuno. Mahasimu ndio waliopungua. Beni inayokodiwa na bwana harusi haina wa kushindana naye jioni hiyo, labda mvua.

Kijana wa Ng'ambo au Kikwajuni anayetaka leo kubuni majeshi ya mchezo wa mezani hahitaji mazimwi ya kuagiza. Ningemshauri aanze na Glasgow ya Barghash, meli isiyopaswa kutoka bandarini. Amweke Kanali wa Arinoti, ambaye mchana ni mpishi na barua zake zinaitia serikali homa. Awape Kibuki mitungi ya asali na kanuni kwamba hawapigani kabla hawajapewa. Aweke kikosi cha Royal Air Force chenye khanga za aina moja, kinachoshambulia kwa zamu na kungoja harusi ijayo ili kujibu. Nesi wa kalela apite na kioo katikati ya mapigano, na anayejitazama humo apoteze zamu yake. Halafu, kabla hajachonga hata sanamu moja, akae aandike mbele ya kila jina: huyu ana ugomvi na nani, na ulianza lini. Atakayekosa jibu amfute, hata kama ndiye mwenye mavazi mazuri kuliko wote.